Mtani Aliyeniibia Maumivu

Katika Nyumba ya Mabingwa hakuna anayeitwa kwa jina lake. Ukifika getini wanakuuliza panapouma, unapaonyesha kwa kidole, na tangu saa hiyo hapo ndipo panapokuwa wewe. Mimi nilionyesha kiuno, nikawa Kiuno. Jina langu la Mwantumu, alilonipa bibi mzaa baba, nililiacha nje kama watu wanavyoacha viatu msikitini. Na kama viatu vya msikitini, sijui sasa hivi nani amelivaa na anatembea nalo wapi.

Benchi letu ni refu. Linaanzia getini, linafuata korido, linakata kona, linatoka nje kwenye jua, linajutia, linarudi ndani. Saa ipo ukutani lakini imegeuzwa uso. Mhudumu anasema wagonjwa walikuwa wanaikodolea macho mpaka ikaona haya. Kwa hiyo muda tunaujua kwa kucha zetu zinavyokua. Kuna asubuhi naamka mimi ni msichana wa kisimani, nimebeba ndoo, na ninaumwa kiuno cha bibi kizee. Jua likipanda nakuwa bibi kizee, na ninaumwa kiuno cha yule msichana. Mwili unakwenda mbele unarudi nyuma kama mlevi, ila maumivu yanabaki pale pale yalipokuwa. Hayazeeki, mwanangu. Ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho bado kina meno yote.

Nina swali, na sikulitoa kitabuni, maana vitabu mimi nilisoma mpaka pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi. Nikasema hapa wameingiza uchawi, nikarudi nyumbani kupika. Swali lenyewe ni hili. Kitu kinachomuuma mtu mmoja tu dunia nzima, kipo? Mvua ipo, maana ikinyesha tunalowa wote, hata wanaonidai salamu. Moto upo, weka kidole chako, nami niweke changu, tutapiga kelele pamoja. Lakini hiki kilicholala katikati ya kiuno changu kama paka aliyelalia jiko la watu, nikisema kipo, ushahidi ni mdomo wangu, na mdomo wangu unajulikana kwa uongo tangu zamani. Watu wananitikisia kichwa kwa huruma, kama wanavyomtikisia mtoto aliyeona jini bafuni. Basi nani mwenye ruhusa ya kusema kitu kipo? Mfalme? Mungu anajua, lakini Mungu hatoi cheti. Katika nchi hii ruhusa hiyo wamepewa mabingwa, na mabingwa wana milango mitatu.

Mwanangu Mbaruku alinisindikiza mpaka kizingitini, akaniambia maneno yaliyonyooka kama fagio jipya.

"Mama, nenda kwa mabingwa. Wakisema unaumwa, tutakupumzisha, hata jikoni hutaingia. Wakisema huumwi, basi tena. Usituamshe na hizo kelele zako."

"Na wakisema wenyewe hawajui?"

"Mabingwa hawawezi kutojua, mama."

Hicho ndicho nilichokifuata. Sikufuata dawa, dawa nimezimeza mpaka nikipita kuku wananikimbia. Nilifuata neno moja tu, mtu mwenye koti jeupe aseme *ndiyo*, nilibebe neno hilo mpaka nyumbani kama kaa la moto kwenye kifuu, nimwonyeshe mwanangu.

Mlango wa kwanza ni wa Bingwa wa Mifupa. Nilipoingia alikuwa ameinua picha yangu ya eksirei kwenye mwanga, na mpaka nilipotoka hakuishusha. Nadhani hata leo akiniona sokoni hatanijua mpaka nivue ngozi.

"Hujambo, bibi?"

"Sijambo, baba. Hali yako? Watoto? Kazi?"

"Vizuri," akasema, akaandika.

Hapo ndipo nilipoangukia, na sikuanguka peke yangu, benchi zima limeangukia hapo. Kwetu Bondeni mtu akikuuliza habari, hata kama paa linaungua nyuma yako, unasema nzuri kwanza. *Nzuri* ni ukumbi, neno *ila* ndilo chumba cha ndani. *Nzuri, ila baba kafariki. Njema, ila tumelala na njaa.* Anayeanza na *ila* kabla ya *nzuri* ni mtu aliyelelewa na mbuzi. Sasa mabingwa wana haraka, wao hufika ukumbini, wakaona pamefagiliwa, wakasema nyumba safi, wakaondoka. Wamama wangapi wamebebwa humu kwa machela huku wakisema *salama tu, mwanangu, za kwako*?

"Mifupa mizuri sana hii," akasema bingwa, akiibusu picha kwa macho. "Mifupa ya msichana."

"Basi nitafutie mchumba, baba, kabla hajagundua yaliyobaki."

Akacheka. Lo, alicheka yule kijana mpaka picha ikatetemeka! Nami nikafurahi, mjinga mimi, kwa kuwa mtu akinichekea nasahau nilichokuja kutafuta. Kumbe katika nyumba ile kuna sheria: anayetania haumwi. Nilipokuwa navuta pumzi ili niseme *ila*, mhudumu alikuwa ameshanishika mkono, na mlango ukafungwa kwa upole, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Mlango wa pili ni wa Bingwa wa Mishipa ya Fahamu. Huyu alikuwa na nyundo ndogo. Akanigonga goti, mguu ukaruka, akaridhika. Akanichoma na sindano nyayoni, nikasema *mama wee*, akaridhika zaidi. Kisha akakaa mbele yangu kwa heshima, na hili nitalisema hata mbele ya haki, alikaa.

"Bibi, nataka unipimie. Sifuri ni hakuna maumivu. Kumi ni maumivu makali kuliko yote. Kiuno chako kiko wapi?"

"Kuliko yote ya nani?"

"Yako wewe."

"Ya kuzaa au ya kufiwa?"

"Yoyote, bibi. Taja namba tu."

Kumi yangu nilikuwa nimeshaitumia. Niliitumia kwa mwanangu wa kwanza, kabla ya Mbaruku, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema *mama* na kuvunja vikombe. Siku tuliyomfukia, wanawake walinishika mikono miwili, na mimi nilikuwa nasikia vikombe vinavunjika, vinavunjika, na hapakuwa na kikombe. Kiuno hiki kinaniamsha, kinanikunja, kinanifanya nitambae kwenda chooni kama mwizi. Lakini nikikipa kumi, yule mtoto nitampa ngapi?

"Hakuna kumi na moja, baba?"

"Hakuna, bibi."

Basi nikakishusha kiuno. Nikakishusha taratibu, ngazi kwa ngazi, mpaka kikafika mahali ambapo hakimgusi mwanangu.

"Tatu," nikasema.

Yule bingwa akaniangalia kwa mshangao. "Tatu tu? Umekaa benchi lote lile kwa ajili ya tatu?"

"Nilikuwa napita njia."

Naye akacheka. Akanipa vidonge vyeupe, vile wanavyompa hata mtu aliyejikwaa.

Ndiyo maana nasema, mwanangu, anayeshika kipimo ndiye mfalme. Mimi nilidhani mfalme ni mwenye mkuki. Mkuki unakuchoma, unaona damu, majirani wanaona damu, habari imekwisha. Mwenye kipimo hakuchomi. Anakuuliza tu, kwa adabu, uliweke zito lako kwenye mizani yake. Ukikataa, huna kitu. Ukikubali, tayari limekuwa jepesi.

Ikabaki mlango wa tatu, wa Bingwa wa Maumivu Yenyewe. Mlango ule hauna kitasa upande wetu. Hufunguka unapotaka wenyewe, hutwaa mtu mmoja katika benchi, hufungwa; na waliobaki wote hutakiwa kurudi getini kuanza upya. Nilikuwa nimesogea mpaka mbele kabisa. Mbele yangu palikuwa na nafasi moja tu, na katika nafasi ile palikuwa na kanga iliyokunjwa.

Kanga ile ilikuwa ya mke wa mzee Shemweta, na mzee Shemweta alikuwa mtani wangu.

Asiyejua utani nimweleze. Mababu wa Mlimani na mababu wa Bondeni walipigana mpaka wakachoka, wakaona badala ya kuuana bora tutukanane, ni nafuu na kunachekesha. Tangu hapo mtani anaingia shambani kwako, anakwanyua boga mbele ya macho yako, nawe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji, utatozwa kuku. Na siku ukifa, mtani ndiye anayevaa nguo zako mbele ya wafiwa, anatembea ulivyokuwa unatembea, anakohoa ulivyokuwa unakohoa, mpaka mjane wako anacheka na kulia kwa jicho hilo hilo.

Mke wake hapa ndani alikuwa anaitwa Nyonga. Alifia benchini mchana kweupe, kichwa chake begani kwangu. Mie nilidhani kasinzia, nikawa nampepea. Walipomchukua, Shemweta alimsindikiza, akamzika, akarudi. Akaikunja kanga yake, akaiweka pale alipokuwa amekaa, kama watu wanavyoweka jiwe kwenye foleni ya maji. "Namshikia nafasi," alisema. Hakuna aliyemuuliza anamshikia mpaka lini. Benchi likisogea, anaisogeza kanga. Yeye mwenyewe hakukaa hata siku moja. Alisimama ameegemea ukuta, mkono mmoja nyuma, kama askari aliyesahauliwa na jeshi lake.

"We kizee cha Bondeni," alikuwa akiniambia kila kukicha, "bado hujafa? Wali wa matanga umeshapoa."

"Nife nimwachie nani kazi ya kukufundisha kuoga? Watu wa Mlimani mnangoja mvua."

"Sisi tuna mvua. Ninyi mnaoga matope, mkikauka mnapasuka viuno, ndiyo mnakuja kujaza mabenchi ya watu."

"Kaa basi, mzee wangu. Miguu itaota mizizi, tuanze kukupalilia."

"Sikai. Mgonjwa ni mke wangu. Mimi ni msindikizaji tu."

Benchi likicheka, yeye anacheka mwisho, na akicheka anafumba macho kidogo. Nilidhani ni raha.

Kisha mlango ukafunguka.

Hakutoka mhudumu. Alitoka bingwa mwenyewe, mwanamke mfupi, koti limemzidi urefu, miguuni kandambili za bluu. Benchi zima likashika pumzi. Akaitazama ile kanga kwenye nafasi ya kwanza, akamtazama Shemweta, akaelewa, nadhani. Akainama kidogo kama anayepita mbele ya msiba. Halafu akanigeukia mimi.

"Nani anafuata?"

"Kiuno," akasema mhudumu nyuma yake.

Nikafungua mdomo kutoa salamu. Akainua kiganja.

"Usiniambie, bibi. Masikio yangu yamejaa. Nionyeshe."

Nionyeshe! Hapo nikasimama, na niliposimama, wallahi, nilisimama wima. Nilifundwa. Somo yangu aliniambia unyagoni kwamba maumivu ya mwanamke ni kama nguo ya ndani, kila mtu anajua unayo na hakuna anayepaswa kuiona. Nilizaa bila ukelele kusikika nyumba ya pili. Nimekuwa nikiyaficha maumivu haya muda mrefu kiasi kwamba mwili umesahau ulikoyaweka. Ndani nilikuwa nakatika kama muwa. Nje nilikuwa nguzo ya umeme. Nikajaribu kuinama, aibu ikaninyoosha. Nikajaribu kulia, likanijia tabasamu, lile tabasamu langu la wageni.

"Namwona mtu amesimama," akasema bingwa taratibu. Hakusema kwa ubaya. Mkono wake ukaanza kurudi kwenye mlango.

"Ngoja, daktari!"

Alikuwa Shemweta. Alijitoa ukutani, akachukua mkongojo wangu, akanivua kanga ya begani bila hata kuniomba, akajitanda kichwani.

"Hawa watu wa Bondeni hata kuumwa hawajui," akasema. "Kila kitu mpaka tuwasaidie. Tazama, nikuonyeshe kizee hiki kinavyoamka asubuhi."

Benchi likaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Akalala sakafuni. Akageuka ubavu, kidogo, akaacha, akageuka tena. Mkono ukatafuta ukuta. "Eee, Kiuno huyo!" mtu akapiga kelele. "Mwenyewe kabisa!" Nami nilicheka, kwa sababu ndiyo sheria. Akavuta pumzi, akaizuia, na pumzi ikiwa imezuiwa ndiyo akauteremsha mguu wa kwanza kana kwamba yuko kitandani, dole gumba likapapasa sakafu kama linaloulizia njia. Kisha wa pili. Kisha akakaa hapo, katikati ya kukaa na kusimama, pale mahali ambapo hapana jina, pale ambapo kila alfajiri mimi humwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Kicheko changu kikakwama.

Huyu mtu hajawahi kuniona nikiamka. Amejuaje kwamba pumzi inatangulia mguu? Mbaruku hajui. Marehemu mume wangu, niliyelala naye kitanda kimoja ujana wetu wote, hakujua. Nikamwangalia vizuri. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na jasho haliigizwi. Akainuka nusu, akaleta pindo la kanga mdomoni, akaling'ata. Akaling'ata mpaka taya zikatetemeka.

Mimi sing'ati kanga. Sijawahi.

Nikajua basi. Hakuwa ananiigiza mimi. Yale yalikuwa yake. Kusimama kule kote ukutani hakukuwa adabu ya msindikizaji, alikuwa hawezi kukaa. Kufumba macho akicheka hakukuwa raha. Alikuwa amemleta mke mgonjwa ili apate kusimama karibu na mlango bila kuulizwa kitu, na mke alipokwenda akabaki na kanga. Mwanamume wa Mlimani haumwi; hivyo ndivyo walivyomlea, kama mimi nilivyolelewa. Ilibidi avae nguo zangu ndipo aumwe.

Bingwa akaja mpaka pale, akachuchumaa na kandambili zake, akamwekea mkono mgongoni, si wa kupima, wa kuweka tu.

"Huyu," akasema. "Huyu ndiye. Mwingizeni."

"Hapana, daktari," Shemweta akasema, kanga bado mdomoni. "Natania. Ni utani wetu, mimi na huyu. Muulize. Mimi mzi—"

Neno halikumalizika. Akanitazama.

Wote wakanitazama.

Neno moja tu. *Anatania.* Na neno lenyewe ni kweli, amelisema mwenyewe, benchi zima ni shahidi. Ningesema anatania, bingwa angesimama, angepangusa mikono, angenigeukia mimi, na sasa ningeweza, maana nimeshaona inavyofanywa. Ningelala pale pale sakafuni nimuige mtu aliyejifanya ananiiga. Ningepata *ndiyo* yangu. Ningeipeleka nyumbani. Mbaruku angenitandikia godoro.

Ni nafasi yangu. Nimeisogelea kwa makalio, benchi zima.

Mtani akichuma boga, cheka.

Hili si boga.

Ni nini basi? Kama maumivu yangu yapo, kwa nini hayakuonekana nilipoyasimamia mimi, yakaonekana alipoyavaa yeye? Kama ni yake, kwa nini niliyajua kila hatua? Yumkini hakuna yangu wala yake. Yumkini kuna umivu moja tu, kubwa, limelala chini ya nyumba zote, linatuamsha mmoja mmoja, na kila mmoja anadhani ameitwa peke yake. Ah, falsafa hizo! Kiuno kilikuwa kinaniuma mimi, na yeye hakikuwa kinamuuma. Na lile lililomfanya ang'ate kanga ya watu, mimi silijui na sitalijua. Nilijua hili tu: macho yake yalikuwa yananiomba nimkane. Alikuwa anataka niseme anatania, arudi ukutani kwake, asimame, afe amesimama, heshima yake mkononi.

"Mchukueni huyo mwizi!" nikapaza sauti. "Tangu lini mtu wa Mlimani akaona cha mwenzake akakiacha? Kaniibia kanga, kaniibia mkongojo, hata maumivu kaniibia! Mchukueni, na mkimfungua mumpekue, atakuwa na boga langu humo!"

Benchi likaangua kicheko. Wakamwinua. Alipopita mbele yangu hakuwa na tusi hata moja, ndipo nilipoogopa kweli. Mlango ukafungwa.

Baadaye, sijui kucha zilikuwa zimekua kiasi gani, mhudumu akachungulia.

"Huyu mgonjwa ana ndugu hapa?"

"Mimi."

"Wewe nani wake?"

"Mtani."

"Mtani si ndugu, bibi."

"Kwetu ndiye anayetuchimbia kaburi. Ndugu wana kazi ya kulia. Nipishe."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chumba cha tatu, kwa mlango wa msindikizaji. Ndani sikukuta mashine. Palikuwa na kitanda, dirisha, na beseni la maji. Shemweta alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma kama gari la mkaa. Mtu aliyelala namna ile anakuwa hana umri. Nilimwona kijana, nikamwona mtoto, nikamwona maiti, kisha tena mzee. Niliona mikunjo ya uso wake imeachia, nikaona kumbe hakuwa na sura kali hata kidogo, ilikuwa ni kazi tu aliyokuwa anaifanya.

"Umeyatoa?" nikamuuliza bingwa.

"Nimeyalaza."

"Yataamka lini?"

"Kabla yake, bibi."

"Na dawa ya kuyatoa kabisa? Iko chumba gani?"

Akanawa mikono kwenye beseni, akachelewa kuifuta. "Hakuna chumba kingine," akasema. "Hapa ndipo mwisho. Mimi huwa nayaamini tu. Nikishayaamini, mtu hulala kidogo."

"Basi?"

"Basi."

Nikamtazama yule mwanamke na kandambili zake. Nilitaka kumwambia, na mimi je? Niamini na mimi, hata dakika, hata ukiwa unajifuta mikono. Lakini alikuwa ameshanigeukia kwa uso wa shukrani, ule wanaowapa wazima.

"Ahsante kwa kumleta, bibi. Ni heri mtu awe na mzima wa kumwangalia."

Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa. Palikuwa na ubao wa chaki. Juu yake yalikuwa majina yetu yote, Kichwa, Goti, Bega, Kiuno. Akaufuta. Alipofika kwangu alikaza kidogo, maana chaki ilikuwa imekaa siku nyingi.

Nikamfunika mtani wangu miguu kwa kanga ya mkewe, nikamwachia na yangu, nikachukua mkongojo, nikatoka.

Benchi lilikuwa bado limeketi. Hawakuwa wameambiwa warudi getini. Walikuwa wanafungafunga vifurushi kwa kujua wenyewe. Waliponiona nimetoka mle, wote wakaacha mikono hewani. Mama mmoja waliyekuwa wakimwita Kichwa, aliyejifunika gubigubi kwa sababu mwanga ulikuwa unampasua, akafunua jicho moja.

"Bi Kiuno, ndani kuna nini? Wanaponya?"

Nilikuwa na ukweli mdomoni, mkavu kama unga wa muhogo. Ningeutema, benchi lingekwisha. Wangekwenda zao nyumbani, kwa kina Mbaruku wao, na wangefika mikono mitupu. Au pengine wangepona kwa kukata tamaa. Nasikia wako wanaopona hivyo. Nani kanipa mimi kipimo? Nikatafuta mzaha. Mimi! Nikapekua kila mahali, sikuukuta hata mmoja.

"Kuna mwanamke," nikasema. "Ana kandambili za bluu. Anakutazama mpaka unamaliza."

"Mpaka unamaliza?"

"Mpaka unamaliza."

Yule mama akafunga tena jicho lake. Niliona bega lake linashuka, polepole, kama mtu aliyetua mtungi. Wengine wakaanza kuondoka kuelekea getini, wanasukumana, wanawahi.

Nami nikawafuata. Nilikwenda kwa kushika ukuta, nikapita kwenye jua, nikakata kona, nikapita korido. Walikuwa wamenitangulia wote, na nje ya geti wageni walikuwa wanaendelea kuja. Mlinzi akaniuliza panapouma, nikamwonyesha. Benchi lilikuwa limeshajaa. Nikasimama, nikaegemea mkongojo wangu, nikauliza kama anavyouliza kila anayefika:

"Jamani, wa mwisho ni nani?"